Neema ya Mpinzani Mwenye Insafu

Alasiri jua linapopunguza ukali, katika miji mingi ya Tanzania na ya mwambao wa Kenya, huonekana kiwanjani meza iliyotandikwa kitambaa, na juu yake Biblia na Msahafu, na pembeni vipaza sauti, na mbele yake umati wa watu ambao hawakulipwa wala hawakulazimishwa, wamesimama kusikiliza wahadhiri wa dini mbili wakipambanisha hoja zao. Mmoja hunena, na mwenziwe aliyeshika kitabu hungoja amri. Akiambiwa "Soma," huisoma aya aliyotajiwa kwa sauti ya juu, pamoja na sura yake na mstari wake, ili kila aliyehudhuria apate kwenda kuihakikisha nyumbani kwake. Mihadhara hii, ambayo wenyewe huiita ya mlingano wa dini, ilienea sana tangu miaka ya 1980, na imepata wa kuisifu na wa kuilaumu kwa kadiri moja. Mengi yameandikwa juu ya wale wanaosimama jukwaani. Machache mno yameandikwa juu ya wale wanaosimama chini, ambao hurudi leo na kesho na juma lijalo, jua na vumbi vikiwa juu yao, nami nadhani hao ndio wanaostahili kuulizwa wanafuata nini.

Jibu jepesi ni kwamba wanafuata ushindi, kwamba kila mtu huja kumwona mwakilishi wa dini yake akimwangusha mwenziwe. Wako wa namna hiyo, na kelele zao ndizo zisikikazo mbali. Lakini mwenye kutaka ushindi tu hutosheka upesi, maana ushindi wa jana hauna ladha leo. Anayerudi mwaka hata mwaka anarudi kwa sababu nyingine. Aghalabu mtu aliyekulia ndani ya dini moja hajapata kuulizwa juu yake swali lisilokuwa na jibu lililokwisha kuandaliwa. Mtoto wa chuoni na mtoto wa mafundisho ya ubatizo wote wawili walifunzwa swali na jibu kwa pamoja, wakavihifadhi vyote viwili kwa siku moja, na mwalimu akaridhika. Mpinzani ndiye wa kwanza kumjia na swali tupu. Humwuliza neno ambalo babaye hakumwuliza, wala padre wake, wala shehe wake. Na usiku ule, kama ana moyo wa mtu mzima, hufungua kitabu chake mwenyewe akakisoma kama asiyepata kukisoma. Nimewasikia wengi, Waislamu kwa Wakristo, wakikiri kwamba walianza kuijua dini yao siku waliposhindwa kuitetea.

Thamani hiyo si ya jana wala si yetu peke yetu. Katika Baghdad ya karne ya 8, Khalifa Al-Mahdi, aliyetawala tangu mwaka 775 hata mwaka 785, alimkalisha mbele yake Timotheo wa Kwanza, patriarki wa Kanisa la Mashariki, akajadiliana naye kwa siku mbili juu ya Utatu na utume na maandiko. Khalifa alikuwa na jeshi na gereza na upanga, na patriarki hakuwa na kitu ila ulimi wake. Na juu ya hivyo patriarki alitoka salama, akayaandika mazungumzo yale katika waraka ambao ungalipo hata leo. Humo amesimulia alivyomwambia khalifa mfano wa lulu iliyoanguka usiku ndani ya nyumba yenye giza, watu wote wakainama kuitafuta, na huyu akashika lulu, na huyu kipande cha kioo, na huyu jiwe, na kila mmoja akafurahi kwa yakini kwamba aliyoishika ndiyo, hata kutakapopambazuka ndipo ijulikane. Timotheo hakusema kwamba lulu haipo, wala hakusema kwamba kila kilichoshikwa ni lulu. Yeye alikuwa na itikadi yake thabiti, na khalifa alikuwa na yake. Walikubaliana tu kwamba wote wawili wanatafuta. Na khalifa huyohuyo ndiye aliyemwagiza patriarki huyohuyo amtafsirie kwa Kiarabu kitabu cha Aristotle kiitwacho Topika, ambacho somo lake ni kanuni za kujadiliana. Mtawala aliyeweza kuamrisha aliona afadhali ajifunze kuhoji.

Nasi huku pwani tulikuwa na mambo yafananayo na hayo, ijapokuwa hayasimuliwi ipasavyo. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani Al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, aliyekuwa kadhi Kilwa kisha Unguja, na aliyefariki mwaka 1896, alikuwa mwanachuoni wa Kishafi na shehe wa twarika ya Kadiria, na hakuna aliyemshuku kwamba ni dhaifu wa imani. Mtu huyo alijadiliana na wamishonari wa Kiingereza waliofika Unguja mwaka 1864 na ambao baadaye walijenga kanisa lao Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa kabla halijafungwa mwaka 1873. Miongoni mwao alikuwamo Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874. Wawili hao hawakukubaliana juu ya Nabii Isa. Na pamoja na hayo, Sheikh Abdulaziz alijitolea kumsaidia Steere kuifasiri Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Kadhi wa Kiislamu anamfasiria padre wa Kikristo kitabu kitakatifu, kwa sababu mwenye kuuliza amekuja na adabu na mwenye kujua ana ilimu. Naliona jambo hili kuwa mojawapo ya fahari za mji wa Unguja, na nashangaa kwamba vijana wetu wengi humaliza masomo yao pasipo kulisikia.

Lakini isidhaniwe kwamba zama zile zilikuwa za upole mtupu. Wakati huohuo, katika mji huohuo, palikuwa na mabishano makali baina ya Waislamu wenyewe, Ibadhi kwa Shafii, na watawala walikuwa Ibadhi. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, aliyetetea madhehebu yake kwa ulimi na kwa kalamu, alitiwa gerezani na Sayyid Barghash, mfalme wa Unguja, asitoke ila Barghash alipofariki mwaka 1888 na nduguye Khalifa kushika ufalme. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1891, Sheikh Ali alizaliwa mtoto wa kiume, akaitwa Al-Amin. Kama baba angefia kifungoni kwa ajili ya hoja zake, Afrika ya Mashariki isingempata Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 mpaka kufa kwake mwaka 1947. Nguvu ya serikali inapoingizwa ndani ya mjadala, haimpotezi yule aliyefungwa peke yake. Huwapoteza na wale ambao wangetoka kwake. Hii ndiyo maana wahudhuriaji wa mijadala hulithamini kuliko jambo lolote jingine lile wanaloliita amani ya kiwanja: kwamba mtu aje, aseme aaminilo, akosolewe mpaka jasho limtoke, kisha arudi kwa mkewe na wanawe akiwa mzima.

Matunda ya kupingana kwa hoja tunayo vifuani na rafuni mwetu, hata pale tusipoyatambua. Mwaka 1923 Padre Godfrey Dale wa misheni ya Unguja alitoa tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili, akaitia maelezo ya kuwasaidia walimu wa Kikristo kujadiliana na Waislamu. Wanavyuoni wa pwani waliikataa, na walikuwa na haki ya kuikataa. Lakini hawakutosheka kukataa. Sheikh Al-Amin aliianza tafsiri yake mwenyewe, ambayo umri haukumpa muhula wa kuikamilisha. Mwaka 1953 Waahmadiya, chini ya Sheikh Mubarak Ahmad, walitoa tafsiri yao Nairobi, na kwa mara nyingine wanavyuoni wa Kisunni wakakuta yaliyowaudhi. Ndipo mwaka 1969 ilipotoka Kurani Takatifu ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye katika maelezo yake anawajibu waliomtangulia, mahali kwa mahali, kwa ukali wa mwenye hoja. Kitabu hicho leo kimo katika nyumba nyingi za Waislamu wasemao Kiswahili, na bibi kizee anayekisoma baada ya Alfajiri huenda hajui kwamba maelezo mengine aliyo nayo mkononi ni jibu alilopewa mtu aliyekwisha kufa. Kila tusi lililotupwa katika miaka hiyo limekwisha kusahauliwa. Vitabu vilivyoandikwa kujibu vingalipo.

Imepokewa kutoka kwa Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yote hii, kwamba hakujadiliana na mtu ila alitamani haki idhihiri, kwa ulimi wake mwenyewe au kwa ulimi wa mwenziwe. Na Imamu Ghazali, katika Ihya, aliwawekea wenye kujadiliana masharti yaliyo mazito kwa nafsi: kwamba mtu apende kujadiliana faraghani kuliko mbele ya wakubwa na umati, na kwamba asimzuie mwenziwe kuiacha hoja moja na kuhamia nyingine akiona ya kwanza haimfai, kisha akaeleza namna mabishano yanavyomzalia mtu kiburi na husuda na furaha ya kuona mwenziwe anaadhirika. Masharti hayo yakiletwa kiwanjani petu, majukwaa mangapi yatasimama? Mihadhara yetu hupenda umati, na umati hupenda kucheka. Na mhadhiri akiisha kuionja ladha ya kicheko, huanza kuikata aya katikati, akaisoma nusu inayomfaa na kuiacha nusu inayomjibu.

Kosa hilo ndilo linaloiua heshima ya mijadala, na nalisema kwa uchungu kwa kuwa naipenda. Sheria ya Tanzania inakataza kukashifu dini ya mtu, na ghasia za Mwembechai, Dar es Salaam, mnamo Februari 1998, ambazo zilipoteza roho za watu, zilitokea katika siku ambazo malalamiko juu ya mihadhara yalikuwa yamefika kwa wakubwa wa serikali. Siingii hapa katika hukumu ya nani alikosa, maana walioandika juu yake hawajaafikiana. Nasema tu kwamba baina ya kumhoji mtu na kumdhihaki pana mpaka ambao msikilizaji wa kawaida huujua barabara, hata kama mhadhiri anajifanya hauoni. Mwulize mama muuza maandazi aliyesimama pembeni ya kiwanja na sinia lake. Atakuambia ni dakika gani maneno yaligeuka.

Wahudhuriaji wenyewe wana uwezo mkubwa kuliko wanavyodhani. Anayesimama chini ndiye anayempa mhadhiri kicheko chake au kumnyima. Basi namwomba msomaji ambaye Jumamosi hii au ijayo atapita kiwanjani penye mjadala asipite upesi, na akisimama asikilize pande zote mbili mpaka mwisho. Aende na kitabu cha dini ambayo si yake, akiisha kukisoma kwa tafsiri inayokubaliwa na wenyewe. Aya ikikatwa, ainue mkono aombe isomwe yote, ijapokuwa aliyeikata ni wa dini yake. Na tusi likitoka, anyamaze pasipo kucheka. Na waandalizi wa mihadhara nawaomba neno moja, ambalo halina gharama: wampe mgeni wa dini ya pili muda uleule wampao mwenyeji, kwa saa iliyowekwa mezani watu wote waione.