Nahodha wa Palace aliyetundika daluga, akapanda baiskeli

Wakongwe wanaofuatilia soka la England hawajaisahau fainali ya Kombe la FA ya 1990. Crystal Palace walitoka sare ya 3-3 na Manchester United, Ian Wright akitokea benchi na kupachika mawili. Mechi ikarudiwa, United wakashinda 1-0, Alex Ferguson akabeba kombe lake la kwanza na timu hiyo. Kitambaa cha unahodha wa Palace kilikuwa mkononi mwa kiungo mpambanaji, Geoff Thomas.

Aliichezea England mechi 9. Wapo wanaomkumbuka kwa mpira mmoja tu, ule aliojaribu kuuchopu dhidi ya Ufaransa pale Wembley mwaka 1992 ukaenda nje kabisa. Si haki, lakini mashabiki ndivyo walivyo.

Mwaka 2003, akiwa ameshastaafu, Thomas aligundulika kuwa na saratani ya damu. Akaambiwa huenda amebakiwa na miaka mitatu. Januari 2004 akapandikizwa seli shina kutoka kwa dada yake, na mwanzoni mwa 2005 ikaonekana ugonjwa umerudi nyuma. Julai ya mwaka huohuo alikuwa Ufaransa, anakanyaga pedali kwenye hatua zote 21 za njia ya Tour de France, zaidi ya kilomita 3,500, kuchangisha fedha za kupambana na ugonjwa huo.

Mtu wa mpira atasema: huyo si alikuwa na pumzi tayari? Hapana, ni pumzi nyingine kabisa. Kiungo hufyatuka mita 20, anatembea, anafyatuka tena, na baada ya dakika 90 anapumzika siku kadhaa. Kwenye baiskeli unakaa saa tano au sita, kesho hivyohivyo, na keshokutwa tena. Kwa Thomas kulikuwa na la ziada: chembe nyekundu za damu, zinazobeba oksijeni kwenda kwenye misuli, hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa. Uboho wake ulikuwa umeanza kazi upya miezi 18 tu kabla.

Ndiyo maana maandalizi ya safari za namna hii hayaanzi na kasi. Miezi ya mwanzo ni kuendesha taratibu, mwendo ambao unaweza kupiga stori na mwenzako bila kuhema. Kisha zinakuja siku mbili mfululizo, Jumamosi saa nne, Jumapili saa nne nyingine. Hiyo Jumapili ndiyo mtihani wenyewe, maana miguu inaamka mizito kama magogo na bado unatakiwa kupanda kitini. Na hicho kiti nacho kina mambo yake: wengi huangushwa na michubuko ya makalio kuliko na milima.

Chakula nacho hufanyiwa mazoezi. Mwendeshaji anajifunza kula akiwa barabarani, ndizi, mkate, maji ya sukari na chumvi, kila baada ya nusu saa hivi, kabla njaa haijabisha hodi. Akingoja mpaka aisikie, amekwisha. Anakata moto katikati ya njia, na hata kisahani kidogo cha gia kitamshinda.

Mwaka 2005 njia hiyo ilipita Galibier, kwenye Alps, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Kwanza unapanda Télégraphe, kama kilomita 12, unateremka kidogo, halafu zinakuja 18 nyingine za kupanda. Huko kujificha nyuma ya mwenzako akukatie upepo hakusaidii sana. Kikubwa ni uzito wako na mlima.

Thomas alirudi Ufaransa tena na tena. Mwaka 2015 alimwalika Lance Armstrong, ambaye kitabu chake kilimtia moyo wakati wa matibabu, lakini aliyekuwa amevuliwa mataji yake 7 kwa kutumia dawa haramu. Kelele zilikuwa nyingi, na zilistahili. Lakini zilimpa Thomas alichokitaka: watu wakaizungumzia saratani ya damu.

Leo safari hiyo inafanywa na waendeshaji wa kawaida, wiki moja kabla ya mabingwa kupita, kwa ajili ya taasisi ya Cure Leukaemia. Lengo lao ni pauni milioni 1. Mazoezi yao hupitia majira ya baridi ya Ulaya, gizani, mvua ikinyesha.