Kisukari baada ya kupandikizwa figo: Nani yumo hatarini?

KWA mgonjwa aliyezoea kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, siku ya kupata figo mpya ni sawa na kuzaliwa upya. Hata hivyo, wapo ambao miezi michache baadaye huelezwa jambo wasilolitarajia: wana kisukari, ilhali hawakuwa nacho kabla ya upasuaji.

Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa kati ya asilimia 10 na 40 ya waliopandikizwa figo hupata kisukari, kutegemea umri wao, dawa wanazotumia na namna walivyopimwa.

Kwa Watanzania suala hili limesogea karibu zaidi tangu Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, ikifuatiwa na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018. Kabla ya hapo, wagonjwa wengi walilazimika kusafiri hadi India.

Dawa zenye sura mbili

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa duniani ulifanyika Boston, Marekani, Desemba 1954, chini ya Dk. Joseph Murray. Mgonjwa alipewa figo ya pacha wake wa kufanana, hivyo mwili haukuiona kama kitu kigeni.

Wengi hawana bahati hiyo. Mwili huishambulia figo ya mtu mwingine, hata kama ni ya ndugu wa damu. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa za kushusha kinga ya mwili, ambazo hupaswa kuzitumia kwa muda wote figo hiyo inapofanya kazi.

Dawa hizo ndizo pia chanzo kikubwa cha kupanda kwa sukari. Prednisoloni huufanya mwili usiitikie insulini ipasavyo na kulichochea ini kutengeneza sukari zaidi. Takrolimasi nayo hudhoofisha seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na athari yake kwa sukari ni kubwa kuliko ile ya siklosporini.

Figo mpya yenyewe ina mchango wake. Figo iliyokufa hushindwa kuvunja insulini, hivyo homoni hiyo hudumu mwilini kwa muda mrefu. Figo nzima huiondoa haraka, na pia hutengeneza kiasi fulani cha sukari. Kongosho lililokuwa likijikongoja hulazimika kufanya kazi zaidi.

Walio katika hatari zaidi

Si kila anayetumia dawa hizo hupata kisukari. Walio katika hatari kubwa ni wenye umri wa zaidi ya miaka 40, wanene, wenye wazazi au ndugu wenye kisukari, na wale ambao sukari yao ilikwishaanza kupanda kabla ya upasuaji. Watu wenye asili ya Afrika nao wamo katika kundi hilo.

Aidha, maambukizi ya virusi vya homa ya ini C huongeza hatari, ingawa siku hizi ugonjwa huo unatibika kwa vidonge. Hali kadhalika, mgonjwa ambaye mwili wake umejaribu kuikataa figo hupewa dozi kubwa za dawa jamii ya prednisoloni, na sukari hupanda.

Lipo pia suala la chakula. Mtu aliyekatazwa vyakula vingi kwa miaka, hamu ya kula inaporejea, hunenepa upesi.

Kupima mapema

Katika wiki za kwanza sukari hupanda kwa wagonjwa wengi na huweza kushuka yenyewe. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2009 unashauri sukari ipimwe kila wiki kwa wiki nne za mwanzo, kisha kila miezi mitatu hadi mwaka utimie, na baadaye kila mwaka. Kiwango cha milimoli 7 kwa lita au zaidi kabla ya kula, kikithibitishwa kwa kipimo kingine hali ya mgonjwa ikiwa imetulia, huhesabiwa kuwa ni kisukari.

Kusubiri dalili kama kiu na kukojoa mara kwa mara ni hatari, kwa sababu sukari huweza kupanda kimyakimya huku ikidhuru moyo, mishipa ya damu na figo yenyewe.

Kosa kubwa zaidi ni mgonjwa kusikia kwamba dawa zinaleta kisukari, kisha akaziacha. Kisukari kinaweza kudhibitiwa kwa lishe, mazoezi, vidonge au insulini. Figo iliyokataliwa na mwili humrudisha mgonjwa kwenye mashine, na ndugu aliyejitolea hana nyingine ya kutoa. Kupunguza au kubadili dawa ni uamuzi wa daktari pekee.