Dalili ya Mvua si Mawingu Peke Yake

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Maneno hayo ni ya kweli, lakini mawingu ni dalili ya mwisho. Zipo nyingine nyingi, wala hazitafutwi mbugani: zimo katika ua wa nyumba, hata hapa Kiwalani ambapo nyumba zimesongamana na ndege za abiria hupita juu ya mapaa yetu. Atakaye kuziona yampasa awe na pembe ya ardhi isiyofunikwa saruji, mti mmoja, na majani yaliyoanguka.

Mwanzo wa mambo ni upepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba, na ifikapo Machi hulegea ili kusi ishike zamu. Qurani Tukufu, katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 57, imezitaja pepo kuwa ni bishara itanguliayo rehema ya Mwenyezi Mungu. Katika siku hizo, mbayuwayu waliotufikia Septemba na Oktoba huanza kuondoka, kurudi Ulaya wakazae. Huko watu huwangojea kwa hamu, kwani kufika kwao ni dalili ya kwisha baridi. Basi safari moja ya ndege mdogo huleta habari mbili: kwetu masika yameingia, kwao majani yanachipua.

Inyeshapo mvua ya kwanza, kumbikumbi hutoka ardhini na kuzikimbilia taa. Watoto huwaokota kwa furaha, na kuku hushiba. Wale wachache wasalimikao hupukutisha mbawa, kisha dume na jike hufuatana na kuchimba tundu, na hapo ndipo kianzapo kichuguu kipya. Usiku vyura hulia madimbwini; aliaye ni dume, amwita jike. Asubuhi jongoo weusi hutambaa katika majani makavu, wakiyala na kuyageuza mbolea. Konokono wakubwa, waliojifungia ndani ya nyumba zao kiangazi chote, hutoka. Mnana dume naye huchana majani mabichi akasuka kiota ncha ya tawi, na jike huja kukikagua kabla ya kukikubali.

Wazee wetu wa pwani waliyachungua mambo haya kwa sababu maalumu. Mwaka wa Hijiria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Ramadhani huangukia masika safari hii, na baada ya miaka ikaangukia kiangazi. Mkulima hawezi kupanda kwa hesabu hiyo. Ndiyo maana walikuwa na mwaka wa Nairuzi, walioupima kwa miongo ya siku 10, na viumbe vya uani vikawa mashahidi wa hesabu yao.

Leo wapo watoto chuoni wawezao kuitaja miezi yote ya Hijiria bila kukosea, nao hawajui kaskazi ni upi na kusi ni upi. Wamwonapo chura humpiga mawe. Wamwonapo jongoo humponda, ingawa haumi. Enyi wazazi, jambo hili si dogo. Imepokewa na Abu Dawud kwamba tabibu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akamkataza kumwua. Ikiwa hakuruhusiwa kuuawa kwa ajili ya dawa, je, itakuwaje kwa mchezo?

Hata hivyo, kumhifadhi chura si kuacha uchafu. Mbu aletaye homa ya dengi, iliyoenea Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana katika maji machache yaliyotuama ndani ya makopo, ndoo na matairi. Vyombo hivyo na vimwagwe kila wiki. Majani chini ya mti na yaachwe.

Basi kabla ya kuufunika ua wote kwa saruji, bakizeni pembe moja. Ardhi hiyo hunywa maji ya mvua ambayo vinginevyo yangeingia ndani au kwa jirani. Kisha mpeni mtoto daftari, aandike siku aliyomsikia chura wa kwanza, siku walipotoka kumbikumbi, na siku mnana alipoanza kusuka. Mwakani alinganishe. Hapo atakuwa amejifunza kusoma ishara ambazo Mola wake humwekea mlangoni kila mwaka.