Ripoti ya Uchunguzi wa Mifumo: Nani Aipokee, Nani Asiione

Zana za kiotomatiki za kupima usalama wa mifumo ya TEHAMA zimekuwa sehemu ya kazi za kila siku katika taasisi zinazotoa huduma kwa njia ya mtandao. Zana hizo hupekua seva, tovuti na misimbo ya programu zikitafuta udhaifu unaofahamika, na mwishowe hutoa ripoti. Kuzipata si jambo gumu, kwani baadhi hupatikana bila malipo. Kazi kubwa huanza pale ripoti inapotoka, kwa sababu ndani yake huorodheshwa sehemu zote ambazo mhalifu angeweza kuzitumia kuingia katika mfumo.

Tukio la kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, linaonesha uzito wa jambo hilo. Machi 7, 2017 ilitangazwa kuwa Apache Struts, programu inayotumika kujengea tovuti, ilikuwa na udhaifu mkubwa. Siku iliyofuata, Wizara ya Usalama wa Ndani ya nchi hiyo iliitahadharisha kampuni. Machi 9, kitengo cha usalama cha Equifax kilituma barua pepe kwa watu zaidi ya 400, kikiagiza kila anayesimamia programu hiyo aweke kiraka cha marekebisho ndani ya saa 48. Kwa anayesoma kumbukumbu hizo ofisini, kila hatua ilionekana kutimizwa.

Hata hivyo, Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2018 kuwa orodha ya wapokeaji wa barua hiyo ilikuwa imepitwa na wakati, na kwamba waliopaswa kuweka kiraka hawakuipata. Machi 15 ulifanyika uchunguzi wa kiotomatiki, lakini zana iliyotumika haikuwa imepangwa kupekua kila mahali ambapo programu hiyo ingeweza kuwapo, na haikugundua udhaifu kwenye tovuti ya kupokea malalamiko ya wateja. Ripoti iliyotoka bila dosari ikachukuliwa kuwa uthibitisho wa usalama.

Wadukuzi walianza kuchota taarifa Mei 13 na kuendelea kwa siku 76. Kifaa kilichopaswa kukagua mawasiliano ya tovuti hiyo hakikuwa kikifanya kazi yake, kwa kuwa cheti chake cha kidijiti kilikuwa kimemaliza muda. Humo ndani wadukuzi walikuta pia faili lenye majina ya watumiaji na nywila zisizosimbwa, likawafungulia hifadhidata nyingine nyingi. Taarifa za watu takriban milioni 147 ziliibwa, na mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa fidia na adhabu zisizopungua Dola za Marekani milioni 575.

Jambo la kwanza linaloonekana hapo ni upeo wa uchunguzi. Ripoti inayosema “hakuna udhaifu” haina maana iwapo haioneshi ni seva zipi zilizopekuliwa, zipi zilizoachwa, na kama zana iliingia kwa akaunti yenye ruhusa au ilitazama kwa nje tu. Zana inayotazama kwa nje mara nyingi hukisia toleo la programu kutokana na kile seva inachojitangazia yenyewe. Ndiyo maana ukurasa wa upeo, ambao wasomaji wengi huuruka, hustahili kusomwa kabla ya ukurasa wa matokeo.

Makosa hutokea pia upande wa pili. Wasambazaji wa mifumo endeshi kama vile Debian na Red Hat huziba udhaifu bila kubadilisha namba kuu ya toleo, kwa lengo la kutovuruga programu nyingine. Zana inayosoma namba ya toleo pekee itaendelea kulalamika juu ya udhaifu uliokwisha kuzibwa. Ikiwa malalamiko ya namna hiyo hayachujwi, mafundi huzoea kuyapuuza, na siku udhaifu wa kweli unapojitokeza hupita katikati ya mamia ya mistari bila kuonekana. Uchujaji huo hauna budi kufanywa na mtu anayeufahamu mfumo husika, na kila tokeo linalokataliwa liandikiwe sababu, ili asiyekuwapo siku hiyo aweze kuelewa uamuzi ulivyofikiwa.

Taasisi inayotumia zana zaidi ya moja hukutana na tatizo la udhaifu mmoja kuripotiwa kwa majina tofauti. Utaratibu wa CVE, ulioanza mwaka 1999, huupa kila udhaifu unaotangazwa namba yake, na namba hiyo ndiyo inayowezesha kuunganisha ripoti mbili. Kwa zana zinazokagua misimbo, upo muundo wa pamoja wa faili uitwao SARIF, uliopitishwa kuwa kiwango mwaka 2020.

Alama za ukali, zinazotolewa kuanzia 0 hadi 10, huwapotosha viongozi wengi. Alama hupima udhaifu wenyewe, na haijui seva ilipo wala inachotunza. Udhaifu wenye alama 7 kwenye tovuti ya malipo inayofikiwa na umma unaweza kuhitaji kushughulikiwa usiku huohuo, wakati wenye alama 9.8 kwenye kompyuta ya majaribio isiyounganishwa popote unaweza kusubiri. Tangu Novemba 2021, Wakala wa Usalama wa Mtandao na Miundombinu wa Marekani hutunza orodha ya wazi ya udhaifu ambao tayari unatumiwa na wahalifu. Kulinganisha ripoti na orodha hiyo ni hatua ya dakika chache, na huondoa ubishi mwingi vikaoni kuhusu kipi kianze.

Kuhusu kushirikishana ripoti, mtandao wa kimataifa wa timu za kukabiliana na matukio ya kompyuta, FIRST, husimamia utaratibu wa rangi unaofanana na taa za barabarani, ambao toleo lake la pili lilitolewa Agosti 2022. Taarifa yenye alama nyekundu huishia kwa watu waliokabidhiwa, na ya kaharabu husambazwa ndani ya taasisi na kwa wateja wake kwa wanaohitaji kuijua. Ya kijani huruhusiwa ndani ya jumuiya ya wataalamu, na iliyoandikwa kuwa ya wazi haina mipaka. Ripoti ghafi ya uchunguzi haipaswi kupita kaharabu. Kuiambatisha kwenye barua pepe ya kundi zima au kuiweka kwenye kundi la WhatsApp la idara, desturi isiyo ngeni, ni kupoteza udhibiti wa nani anaisoma na nakala ngapi zipo.

Wasomaji wa ripoti pia hawahitaji kitu kimoja. Fundi anahitaji jina la seva, ushahidi na hatua za kurekebisha. Mkuu wa taasisi anahitaji kujua huduma ipi iko hatarini, nani amepewa kazi, lini itakamilika, na nini kinakwamisha. Kumpa mkuu wa taasisi kurasa 300 za matokeo ghafi hakumsaidii kuidhinisha bajeti.

Kwa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Kwa hiyo mkandarasi anayepima mifumo anapaswa kuwa na ruhusa ya maandishi inayotaja mifumo husika na muda wa kazi. Aidha, baadhi ya zana hunasa kurasa halisi kama ushahidi, zikiwamo zenye majina na namba za simu za wananchi. Ripoti ya aina hiyo hubeba taarifa binafsi, na utunzaji wake haukwepi matakwa ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Mkataba unapaswa kueleza ripoti itahifadhiwa wapi, itasimbwa vipi, na mkandarasi atafuta nakala zake lini.

Udhaifu unapokuwa ndani ya programu ya mtengenezaji wa nje, taarifa hupelekwa kwake kwa siri kwanza. Google, kupitia timu yake ya Project Zero, huwapa watengenezaji siku 90 za kurekebisha. Tukio likishatokea, TZ-CERT, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hupokea taarifa za matukio ya usalama wa mtandao na kutoa tahadhari kwa wadau.

Baada ya marekebisho, uchunguzi hurudiwa kwa upeo uleule, na anayefunga tokeo kwenye daftari hatakiwi kuwa fundi aliyelirekebisha. Orodha ya wapokeaji nayo huhakikiwa kila mtumishi anapohama au kustaafu, kwa kupiga simu na kuuliza iwapo aliyetajwa bado ndiye anayeisimamia seva hiyo.