Msamba wa Mzazi: Haya Isizidi Elimu

  

Wapenzi wasomaji, wiki hii tunabisha hodi katika mlango ambao wengi wetu huupita kimya kimya: kuchanika msamba wakati wa kujifungua. Msamba ni ile sehemu iliyo kati ya tupu ya mbele na njia ya haja kubwa, nayo hutanuka sana mtoto anapotoka. Wako watakaosema kwamba maneno haya hayafai kusomwa sebuleni. Tunawajibu kwa adabu kwamba Qur'ani Tukufu haikuuficha uchungu wa uzazi wa Bibi Maryam, na Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Haya ni pambo la Muislamu, lakini haya inayomwacha mama aumie bila kusema si ile tuliyofundishwa.

Tumechagua kuyatazama haya kutoka kaunti za Homa Bay na Migori, kando ya Ziwa Viktoria. Huko tunao ndugu wa imani wa tangu zamani, hasa katika mji wa Kendu Bay, na mabinti zetu wa pwani huolewa na kuajiriwa huko. Tena, mambo yanayomzidishia mama hatari hii yanaonekana huko waziwazi, na yeyote wa Lamu au Kwale atayatambua.

Daraja nne za kuchanika

Matabibu hukugawa kuchanika katika daraja nne. La kwanza ni ngozi peke yake. La pili hufika kwenye misuli ya msamba, nalo huhitaji kushonwa. La tatu huigusa misuli inayobana njia ya haja kubwa, na la nne hupasua mpaka utando wa ndani wa njia hiyo. Mawili ya mwanzo ndiyo yanayotokea sana, na mama hupona. Mawili ya mwisho ni machache: Uingereza, ambako huhesabiwa kwa makini, huwapata takriban wanawake 6 kati ya 100 wanaozaa kwa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida, na chini ya 2 kati ya 100 waliokwisha kuzaa hivyo.

Uchache huo usitudanganye. Mama aliyepasuka hivyo, akakosa kushonwa na mjuzi, huenda akashindwa kuzuia upepo au choo. Ataacha kwenda harusini, ataacha kwenda darasani, na majirani watasema ana maringo, kumbe anaficha jeraha. Jambo hili si sawa na fistula, ambayo kwa kawaida hutokana na uchungu uliokwama muda mrefu mpaka nyama za ndani zikafa. Lakini mpasuko wa daraja la nne usiotibiwa nao waweza kuacha tundu.

Hatari huzidi kwa mzazi wa mara ya kwanza, kwa mtoto mkubwa, na pale mtoto anapovutwa kwa vyombo. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 uliona kwamba Homa Bay, wasichana 23 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba, hali wastani wa Kenya nzima ni 15. Basi wazazi wa mara ya kwanza huko wengi ni watoto, na mtoto hajui la kuuliza.

Masafa nayo ni mtihani. Mama wa kisiwa cha Mfangano akihitaji hospitali kubwa, sharti avuke ziwa kwa chombo mpaka Mbita, na uchungu haungoji mawimbi yatulie. Ndiyo maana wengi walimtegemea nyamrerwa, yaani mkunga wa jadi kwa Kijaluo. Kijijini Lwala, kaunti ya Migori, ndugu wawili, Milton na Fred Ochieng', walifungua zahanati mwaka 2007 wakiwa wangali wanafunzi wa udaktari Marekani. Kazi iliyoanzia hapo haikuwafukuza wanyamrerwa. Iliwafunza na kuwaajiri wawe wahudumu wa afya wa jamii, wawafuatilie waja wazito na kuwafikisha kwa wakunga waliosomea. Heshima ya bibi ikabaki, na mama akapata mikono yenye ujuzi.

Mambo yanayokinga

Kuchanika hakuwezi kuondolewa kabisa, lakini kunaweza kupunguzwa. Kuanzia wiki ya 34 au 35 ya mimba, mwanamke ambaye hajawahi kuzaa kwa njia ya kawaida anaweza kuusugua msamba wake taratibu kwa mafuta safi, kwa mikono iliyooshwa, mara moja au mbili kwa wiki, baada ya kuelekezwa na mkunga kliniki.

Saa ya kuzaa ikifika, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, limependekeza mkunga auweke msamba kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, aukande, na aukinge kwa mkono kichwa kinapotoka. Bibi zetu wa pwani wanakujua kukanda kwa maji ya moto baada ya uzazi. Hapa maji ni ya uvuguvugu tu, na wakati wake ni kabla kichwa hakijatoka. Mama aachiwe achague mkao unaomfaa, asukume anaposukumwa na mwili wake, na kichwa kikichomoza apumue kwa pumzi fupi fupi ili kitoke polepole. Haraka ndiyo inayochana.

Mwongozo huo umekataa mambo mawili: kumkandamiza mama tumbo ili mtoto atoke, na kumkata kila mzazi msamba kwa mazoea, kile kinachoitwa kuongezwa njia. Kukata kuwe kwa sababu, na mama aelezwe na aridhie.

Lipo jeraha linalotangulia uzazi kwa miaka mingi. Miongoni mwa Wakuria wa Migori, wasichana wangali wanakeketwa, hasa likizo ya Desemba, ingawa sheria ya mwaka 2011 imepiga marufuku. Kovu halitanuki kama nyama nzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, wa wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba waliokeketwa walizidi kuvuja damu na kupasuliwa, na watoto wao walizidi kufa. Asitokee mtu akaipaka dini rangi hiyo; kumdhuru binti si ibada.

Baada ya kujifungua

Mzazi akaguliwe na ashonwe kabla ya kutoka kituoni. Ajisafishe kwa maji safi, ale mboga na matunda choo kisiwe kigumu, na afanye zoezi la kubana misuli kama anayezuia mkojo. Akiona usaha, harufu mbaya, homa, damu nyingi, au choo kumtoka bila kujua, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Twaulizwa kuhusu sala. Nifasi ikikatika, hata kabla ya arobaini, mama huoga na kusali. Ikiwa kuna kinachomtoka bila hiari, hukumu yake ni ya mwenye udhuru: ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe wakati wa sala ukiingia, kisha asali. Asiiache sala kwa kudhani kwamba hana tohara. Na akikosekana daktari wa kike, dharura inamruhusu kutibiwa na mwanamume.

Enyi waume, arobaini ni kipimo cha damu, si kipimo cha jeraha. Mke ambaye hajapona hadaiwi unyumba. Ulizeni, "Umepona?", na mngojee jibu la kweli. Jiandikisheni mapema katika bima ya SHA, wekeni nauli ya gari au ya chombo, na msimzuie mke kwenda kituoni mkingojea ruhusa ya wazee. Matumizi ya mke ni wajibu juu ya mume, na sisi tunaona nauli ya saa ile kuwa miongoni mwa hayo.

Ewe Mola wetu, wafanyie wepesi wazazi wetu wa bara na wa pwani, waponye waliojeruhiwa, na utupe ulimi wa kuuliza na sikio la kusikia. Amin.