Mabaki ya mbao za dawa si kuni

MNUNUZI wa kuni mjini Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete, ana swali moja la kuuliza kabla ya kulipia fungu: vipande hivi vimetoka kiwandani vikiwa vyeupe, au ni masalia ya paa lililoezekwa kwa mbao za dawa?

Baridi ya Makete hulifanya jiko kuwa hitaji la kila siku. Mkoa wa Njombe nao huishi kwa mbao, na mabanzi ya paini ni kuni halali yenye soko lake. Tatizo huanza pale vipande vya mbao za dawa vinapochanganywa humo kwa kuwa ni vikavu, vinawaka haraka na bei yake ni ya chini.

Dawa iliyotumika kwa miaka mingi duniani kwa nguzo na mbao ni CCA, mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Husukumwa ndani ya mti kwa shinikizo kubwa kwenye tangi. Shaba huzuia kuvu, aseniki huua mchwa, na kromiamu huzishikilia ndani ya mti. Ndiyo maana paini, mti laini, hudumu miaka mingi juu ya kenchi.

Moto hauiondoi sumu hiyo. Sehemu ya aseniki hupanda na moshi, nyingine hubaki kwenye majivu pamoja na shaba na kromiamu. Majivu hayo yakimwagwa kwenye bustani ya mboga, sumu imehamia shambani.

Mwaka 1984 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilieleza habari za familia ya watu wanane katika jimbo la Wisconsin. Walikuwa wakichoma mabaki ya mbao za CCA kupasha nyumba joto. Waliugua kila msimu wa baridi, na nywele zikawapukutika. Viwanda vya Marekani viliacha kutia CCA mbao za makazi mwishoni mwa 2003, na Umoja wa Ulaya ukaibana dawa hiyo mwaka 2004.

HESABU YA MJENZI

Njia rahisi ya kupunguza taka hizi ni kuagiza kwa vipimo. Chukua mjenzi anayenunua mbao 40 za futi 12 kwa kazi inayohitaji futi 9. Kila mbao huacha futi 3. Jumla ni futi 120, sawa na mbao 10 nzima alizolipia na kuzitupa. Fundi akipanga kenchi mapema, vipande hivyo huingia kwenye nguzo fupi za ndani, na fedha hubaki mfukoni.

Vinavyosalia vinafaa kwa nguzo za uzio. Havifai kwa rafu za chakula, mizinga ya nyuki wala mabanda ya kuku. Vumbi la msumeno likingwe kwa turubai, lisitandikwe chini ya mifugo. Fundi avae kitambaa puani na anawe mikono kabla ya kula.

Visivyotumika tena vitunzwe pakavu, mbali na kijito, na afisa mazingira wa halmashauri aulizwe pa kuvipeleka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazitenga taka hatarishi na taka za kawaida, na kuzisafirisha kunahitaji kibali.

Rangi ya kijani peke yake haitoshi kuzitambua, kwani hupauka kwa jua. Muuzaji wa mbao aandike kwenye risiti kama zimetiwa dawa, na ni dawa gani. Fundi atenge mafungu mawili tangu siku ya kwanza: jeupe liuzwe kwa mama lishe, la dawa lisikaribie jiko.

Mwenye mgahawa asiyepata jibu la wazi kuhusu asili ya kuni aliache fungu hilo, hata likiwa nusu bei.