Msitu na Haki katika Mbolezi ya Kiayalandi: Mfano wa "Cill Chais"

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza uhusiano kati ya uharibifu wa mazingira na haki za binadamu katika ushairi wa Kiayalandi. Mfano tulioteua ni "Cill Chais", utungo mashuhuri ambao mtunzi wake hajulikani kwa hakika. Utungo huu unaomboleza msitu na kasri la ukoo wa Butler katika kaunti ya Tipperary, Ayalandi. Hoja yetu ni kwamba kuuita shairi la maumbile peke yake ni kuupunja maana.

2.0 Msitu na Sheria

Miti ya Cill Chais ilitangazwa kuuzwa mwaka 1797 na tena mwaka 1801. Haikuteketea kwa vita; ilikuwa bidhaa. Shairi linaanza na swali la kiuchumi kuhusu mbao, kisha linataja vilivyonyamaza: kengele, bata, nyuki. Sauti ya ibada na sauti za viumbe zimewekwa katika safu moja, nazo zinakoma pamoja.

Safu hiyo inaeleweka tukizingatia sheria za karne hiyo. Sheria ya mwaka 1697 iliwafukuza maaskofu Wakatoliki nchini. Ile ya mwaka 1704 iliwazuia Wakatoliki kununua ardhi au kuikodi kwa zaidi ya miaka 31. Hata hivyo, Christopher Butler, Askofu Mkuu wa Cashel, alipata hifadhi katika kasri hilo la ndugu yake.

3.0 Haki ya Nani?

Mhakiki anaweza kudai kuwa utungo huu unalilia starehe za mabwanyenye. Dai hilo lina uzito, kwani mwanamke anayesifiwa, Margaret Butler aliyefariki mwaka 1744, alikuwa wa tabaka la juu. Lakini haki ya mnyonge ya kuabudu nayo ilitegemea mlango wa kasri hilo. Ulipofungwa, aliyepoteza zaidi ni yule asiyekuwa na kimbilio jingine.

4.0 Hitimisho

Kifani, "caoineadh" kwa asili ni mbolezi ya maiti. Hapa inaombolezewa nyumba pamoja na msitu wake. Aidha, ubeti wa mwisho hauishii katika kilio, bali unaomba jumba lijengwe tena. Kilio kimekuwa dai. Kwa hiyo, uhakiki wa ushairi wa aina hii hauna budi kuchunguza soko la mbao na sheria za ardhi sambamba na taswira za ndege na miti.